Mkindini Hapakuwa Patupu

Saida mwanangu,

Tulipoteza bonde la Mkindini mwaka juzi, kiangazi kilipoanza, mchana kweupe, kwa mapanga yetu wenyewe na huku tunalipwa. Naanza na hilo kwa sababu kila nikijaribu kukueleza kwa mdomo unanikatisha, "Mama, hiyo si ilishapita," nami hasira zinapanda, tunaishia kurushiana maneno mpaka jirani anapunguza redio asikie vizuri. Kwenye karatasi huwezi kunikatisha. Soma mpaka mwisho, maana mwisho kuna swali, na jibu lake nalitaka.

Sikuandikii habari za kula, wala kuvaa, wala kunipigia simu. Una miaka ishirini na minne, umekaa chuo, chandarua unajua kukichomekea. Ninachotaka tuzungumze ni hiyo kazi unayokwenda kuifanya Mzenga. Uwezeshaji wa jamii, kwenye mradi wa ajira vijijini. Nilipoisikia mara ya kwanza nilifurahi kwa sekunde moja tu, halafu nikakuuliza mradi gani. Ulipotaja jina, ni uleule uliokuja kwetu, nikanyamaza. Ukadhani nimenyamaza kwa furaha.

Wewe Mkindini unapajua kwa kupita. Mimi napajua kwa miguu iliyolowa. Nilipoletwa hapa kijijini Janga nikiwa bibi harusi, mama mkwe wangu hakuanza kunionyesha jiko, alinionyesha bonde. Mikindu ilikuwa imesimama vichaka vichaka, maji yanapita katikati mwaka mzima, mbu wanamla mtu akiwa hai. Alinifundisha kukata lile jani changa la katikati ambalo halijafunguka, kiini ukakiacha, kisha ukafunga fundo kwenye jani la pembeni. Fundo lile lina maana yake: kichaka hiki kimeshatolewa mwezi huu, wewe unayekuja nyuma pita, nenda cha mbele. Hapakuwa na kamati, hapakuwa na faini, na sikuwahi kuona mwanamke akikata penye fundo. Aliyethubutu angesemwa mpaka ahame mwenyewe.

Baba yako alipoondoka ulikuwa bado unatambaa. Aliniachia nusu eka ya mihogo, na bonde, ambalo halikuwa lake kuniachia. Nikasuka mikeka. Nikaona hesabu haiendi. Mkeka mmoja wa kulalia unataka utepe wa ukili wa pima zaidi ya ishirini, na mwanamke mwenye watoto akikaza sana anasuka pima mbili kwa siku. Peke yangu ningefika sokoni na mkeka mmoja wakati mteja anataka kumi. Kwa hiyo nikaanza kununua ukili kwa wenzangu, kila mmoja kwa pima zake, mimi nikashona. Mikeka nikaipeleka Kibaha, ofisini kwa ofisini, kwa akina mama wanaokwenda Dar kila asubuhi na kurudi jioni, wale wanaotaka mkeka wa harusi usiofanana na wa jirani. Hakuna aliyenikopesha. Hakuna aliyeniita semina akanipa soda na kalamu.

Bonde lilipokuwa zima, wasukaji tulikuwa wanawake thelathini na saba. Nawajua wote kwa mkono, achilia mbali jina. Ukinipa ukili gizani nakwambia kausuka nani.

Unakumbuka ukiwa darasa la nne, mwalimu wako alikuuliza mbele yangu, "Mama yako anafanya kazi gani?" Ukajibu bila kusita, "Hana kazi, anasuka mikeka." Mwalimu akacheka. Na mimi nikacheka, nimesimama pale na mikeka miwili kichwani. Sikukusahihisha. Ungesahihishwa na nani, kama mimi mwenyewe nikiulizwa nasema, "Nipo tu nyumbani, nabangaiza"? Wote tulisema hivyo. Mwanamke anaamka na ukili, anapika na ukili kwapani, anakwenda msibani na ukili, ukimuuliza anafanya nini anakwambia, "Sina kazi mwenzangu."

Sasa njoo kwenye mkutano. Wewe ulikuwa chuo, ulisikia kwa simu tu, na kwa simu nilikwambia tumepata mradi. Nilisema hivyo, sikatai.

Walituita uwanja wa shule. Mwezeshaji alikuwa kijana mpole, ana buti safi na sauti ya kutuliza mtoto. Mpaka leo sijui kama alikuwa mwongo au naye alikuwa ametumwa tu. Ningejua ningelala vizuri zaidi. Akasimama mbele yetu akasema:

"Wazazi wangu, mimi sikuja na mradi mfukoni. Mradi mnao ninyi wenyewe. Mimi nawasaidia kuuibua tu."

Bi Mwanahawa, yule bibi yako wa nyumba ya tatu, alikuwa amekaa ubavuni kwangu. Akasema, si kwa sauti ya chini, "Mfukoni kweli haupo. Uko kwenye gari."

Wanawake wakaangua kicheko. Mwenyekiti wa kijiji akakunja uso, "Akina mama huko nyuma, utulivu jamani, wageni wametoka mbali."

"Wametoka Kibaha hapo," Bi Mwanahawa akajibu. "Hata njaa ya chai hawajaisikia."

Lakini hakuwa anatania. Alikuwa anaelekeza kidevu kwenye gari lao, nyuma kumejaa vigingi vya mti, ncha zimepakwa rangi nyekundu. Mimi nikiona vitu vimepangwa nahesabu, ndivyo nilivyo. Nilivihesabu nikiwa nimekaa. Themanini. Nikajiuliza, mtu ambaye hajui mradi ni barabara au ni kisima au ni miti, vigingi themanini ni vya nini? Nikajijibu kwamba labda ni vya kijiji kingine. Hapo nilifanya kosa la kwanza. Nilikuwa na jibu mbele ya macho, nikalitafutia udhuru, kwa sababu nilitaka mradi uje.

Akatutoa tukachora ramani ya kijiji chini, kwa majivu. Ilikuwa raha, nisikudanganye. Wazee wakaweka mawe kuonyesha nyumba, watoto wakaleta vifuniko vya soda vikawa visima, zahanati ikawa ndala ya mtu. Watu walibishana mpaka na wafu: "Hapo si kwa marehemu Kondo, sogeza jiwe!" Kila mahali pakajaa. Kule chini, bondeni, pakabaki peupe. Hakuna aliyeweka hata jani.

Yule kijana akapaelekeza fimbo. "Na hapa kuna nini?"

Watu wakatazama majivu. Akarudia. Nikajibu mimi.

"Mikindu tu."

Wewe umesoma, utasema mama hakujua thamani ya rasilimali. Nilijua sana. Nilijua kuliko mtu yeyote aliyekuwa uwanjani pale, na kwa sababu nilijua ndiyo maana nilificha. Nikueleze nilivyopiga hesabu. Nusu saa nyuma kijana alikuwa ametamka kwamba kazi za kulipwa watapewa kwanza watu wa kaya zisizo na shughuli ya kipato, na wenye shughuli watasubiri awamu nyingine. Ukisema una shughuli, umejikata. Na kabla ya hapo, miaka ya nyuma, alipita mtu mmoja akiuliza kwa upole uleule, mikeka mingapi inatoka kijijini kwa mwezi. Tukamjibu kwa kujisifu. Haukupita muda tukaanza kusimamishwa njiani kudaiwa ushuru. Tangu hapo tukajifunza: mtu wa ofisi akiuliza una nini, huna kitu. Bonde? Vichaka. Mikeka? Ya kulalia watoto. Nikadhani nalinda bonde kwa kulidharau mbele yake. Sikujua kwamba kwa watu wale, mahali pasipo na kitu ndipo panapotafutwa.

Akauliza, "Nani hapa hana kazi? Anyooshe mkono."

Saida, mikono ilipanda kama shule. Wasukaji wote waliokuwepo walinyoosha. Bi Mwanahawa alinyoosha mkono ambao vidole vyake vilikuwa bado vya zambarau kwa rangi ya ukindu aliyoichemsha asubuhi. Kijana akauona ule mkono, nilimwona akiutazama. Akauhesabu kama mkono wa asiye na kazi, akaendelea na wa jirani.

Basi mradi ukaibuliwa. Bwawa la samaki na bustani za mboga, bonde la Mkindini, "eneo lisilotumika." Tukapiga makofi. Wakachagua kamati ya usimamizi, nikatajwa kwa sababu najua hesabu, nikakubali. Sitaki uje usikie kwa mwingine kwamba mama yako alikuwa kwenye kamati. Nilikuwa, tena nilivaa ile kofia yao.

Walipopima bonde walipiga vigingi mzunguko mzima. Nikavihesabu tena vikiwa ardhini: sabini na nane. Viwili vikabaki. Kimoja Bi Mwanahawa alikichukua, anafungia mbuzi hadi leo. Mtu anafikaje kwenye kijiji ambacho hajakipima na vigingi vinavyozidi viwili tu? Wewe ni msomi, nipe jibu lingine zaidi ya hili nililonalo. Nilikuuliza Jumapili, ukasema, "Mama, inaweza kuwa bahati." Mimi nimeuza mikeka nusu ya maisha yangu, bahati ya namna hiyo sijawahi kukutana nayo.

Walituajiri watu sitini. Tukafyeka mikindu kwa kuimba. Wanawake walewale waliokuwa wakifunga mafundo ndio waliofyeka, na yale mafundo yakaanguka pamoja na majani. Siku moja kijana akaokota jani lenye fundo akaniuliza, "Mama, hii ni michezo ya watoto?" Nikamjibu, "Ndiyo, baba, michezo ya watoto." Hapo bado ningeweza kusema. Nusu ya bonde ilikuwa bado imesimama. Lakini nilikuwa kwenye kamati, watu wanalipwa kila wiki mbili, bodaboda zinapita, kijiji kina uhai, na mimi nitakuwa yule mama aliyesimamisha ajira za watu sitini kwa ajili ya vichaka? Nikakaa kimya. Tukang'oa na visiki.

Ajira ile ilidumu miezi minne. Bwawa lilijaa masika ya kwanza, tukala perege, wageni wakaja wakapiga picha na samaki mkononi. Kiangazi likakauka, ardhi ya pale ina mchanga chini, haikai na maji. Ilikuwa mikindu ndiyo iliyoyashika. Bustani zikafuata bwawa. Sasa hivi ng'ombe wa wafugaji wanapita katikati, na mtu akitaka kufupisha njia anapita katikati pamoja nao.

Wasukaji tumebaki tisa. Wengine wamekwenda kuponda kokoto, wengine wamerudi kwenye mihogo, na wawili wako Dar kwa watoto wao, wanalea wajukuu wasiowajua majina. Kwenye mabango ya mradi waliandika ajira sitini zimezalishwa. Sawa, sitini, miezi minne. Mimi natoa ishirini na nane, za maisha. Hiyo ya kutoa hakuna bango lake.

Jumapili uliniambia neno ambalo halijanitoka. Nilikuwa naosha vyombo, ukasema kwa ile sauti ya chuo, "Lakini mama, mlishirikishwa. Mlinyoosha mikono wenyewe. Na mlilipwa."

Ni kweli yote matatu. Ndiyo maana inaniuma. Mtu akiibiwa usiku anaweza kupiga kelele. Sisi tulikuwepo, tumekaa mstari wa mbele. Wakitokea wa kuuliza wataambiwa wananchi wenyewe waliibua, na picha zipo, na mimi nipo kwenye picha nimecheka. Nimekaa nikafikiri sana juu ya huu ushirikishwaji wenu. Sisemi ni uongo wote. Yako mambo watu wameulizwa wakajibu kweli na yakawafaa, lile daraja la kule juu lilijengwa hivyo na limesimama. Lakini mtu anayeuliza ana gari, ana kalamu, ana orodha ya malipo. Anayeulizwa ana njaa na ana hila zake. Hapo hamzungumzi, mnawindana. Na anayejua bonde akimficha asiyelijua, wote wawili wanarudi nyumbani wameridhika na bonde linakwisha.

Kwa hiyo ukifika kule kwa watu, usimuulize mwanamke kama ana kazi. Atakwambia hana. Muulize jana alipoamka alifanya nini, na baada ya hapo nini, mpaka alipolala. Mtazame vidole. Tembea bondeni na bibi mmoja mtu mzima, bila kofia ya mradi na bila vijana wa picha, umuulize kila kitu kilichofungwa, kilichochanjwa, kilichowekewa jiwe, ni cha nini. Akikwambia ni michezo ya watoto, usimwamini, rudi kesho yake. Ukiona mahali peupe kwenye ramani ya majivu, hapo ndipo ukae. Hayo nimeyanunua kwa bei yangu, wewe nakupa bure. Uyatumie au uyatupe, hiyo ni juu yako.

Sasa nifike kwenye lililonifanya nishike kalamu.

Tangu Mkindini pafe, ukindu naupata Mzenga. Unakuja kwa kuzungushwa Kisarawe mpaka huku, mizigo minne kwa mwezi, na anayeniletea ni Bi Sikudhani. Unamjua. Mwaka jana nilikwenda naye kuliona bonde lao, nikakuchukua ulikuwa likizo. Alituchinjia kuku, akakwambia, "Mwanangu, kula, umekonda kama kalamu." Ukamwamkia shikamoo kwa kupiga goti, akaitika marahaba mara tatu kwa kuona raha. Akatushusha bondeni kwao, bonde kubwa kuliko letu mara tatu kwa macho yangu. Mikindu imesimama. Nao wana mafundo yao, ila wao wanafunga kwa kamba ya mgomba. Ulinishika mkono ukaniambia, "Mama, kama kwetu zamani." Nilifurahi sana siku ile. Nilijiona nimekupa kitu.

Ulipopangiwa kazi nikakuuliza, kwa nini Mzenga? Mikoa yote hii, wilaya zote hizi, kwa nini wewe, na kwa nini kule? Ukajibu, "Wamenipangia tu, mama." Nikaliacha.

Jumatano nilikuwa naanua nguo nyuma ya nyumba. Wewe ulikuwa dirishani na simu, unaongea na mwenzako wa kazini, unacheka. Sikukusikiliza kwa makusudi. Ila ulipotaja Mzenga masikio yalisimama yenyewe. Ulisema hivi, na mimi si mtu wa kusahau:

"Lile bonde? Nalijua kaka, nishafika. Liko wazi kabisa, ni vichaka tu, hamna ishu pale. Tukianzia pale hatuna mgogoro na mtu."

Halafu ukacheka tena, mkaongea habari za posho.

Niliingia ndani na nguo zenye maji. Ukaniuliza, "Mama, mbona hazijakauka?" Nikasema jua limekwisha. Jua lilikuwepo.

Nimekaa na maneno yale toka Jumatano. Nimejaribu kukutetea, kwa njia zote ninazozijua. Nimesema labda ni bonde lingine. Mzenga ina mabonde. Nimesema labda wao ndio walilitaja kwanza, wewe ukaitikia kwa sababu ni mgeni kazini na unaogopa kuonekana mjuaji. Nimesema labda ulificha, kama nilivyoficha mimi, ukadhani ukilidharau watalipita. Hilo la mwisho ndilo ninalotamani liwe kweli, na ndilo linalonitisha kuliko mengine, kwa sababu najua linapoishia.

Lakini lipo na la nne. Kwamba waliuliza nani kati yenu anajua sehemu yenye bonde lisilo na mgogoro, na wewe, mtoto wa mama muuza mikeka, uliyelelewa na ukindu, uliyepelekwa kule na mimi kwa miguu yangu, ukanyoosha mkono. Na ndiyo maana ukapangiwa Mzenga.

Nakupenda na sikuamini. Yote mawili yako kwangu usiku huu, na hakuna hata moja linalotaka kumpisha mwenzake.

Usiniambie natetea tumbo langu. Natetea, ndiyo. Bonde la Mzenga likifyekwa, mimi nimekwisha na wale wenzangu wanane wamekwisha. Lakini kule kuna wanawake ambao sijui hata idadi yao, na hilo kwangu si jambo dogo, unanijua. Wataitwa uwanjani wataambiwa mradi mnao ninyi. Wataulizwa nani hana kazi. Watanyoosha mikono, Saida, nakwambia watanyoosha, Bi Sikudhani atakuwa wa kwanza, na atakayekuwa anahesabu mikono ni wewe. Atakuona ni mwanawe aliyekula kuku wake. Atasema mikindu tu.

Umesema mkutano wa kwanza ni Alhamisi ijayo. Kwa hiyo hakuna kilichofyekwa bado. Neno lililotoka kwa simu linaweza kurudishwa kwa simu. Ukimwambia mwenzako kwamba ulikosea, kwamba pale pana kazi ya watu, watakuchukia kidogo, labda watakuhamisha, labda hiyo kazi utaikosa. Sikufichi hilo. Umeitafuta miezi kumi na minane na najua ulivyokuwa unalia chooni ukidhani sisikii. Siwezi kukwambia kazi si kitu. Ninachosema ni kwamba mimi nilikuwa na nusu ya bonde imesimama, na mdomo ninao, na nikachagua kofia. Wewe unalo bonde zima.

Gari la mradi linakuja kukuchukua kesho saa moja na nusu asubuhi. Nitakuwa jikoni tangu alfajiri. Sitakuuliza kitu mbele ya dereva, sitakuaibisha, nguo zako nimezipanga na safari njema nitakuombea kama mama yeyote. Lakini kabla ya saa moja kamili uje jikoni unijibu swali moja, nalo nataka lijibiwe kwa neno moja. Usinieleze mchakato, usinieleze miongozo, usiniambie "mama, ni ngumu kidogo." Ukipita moja kwa moja mpaka kwenye gari nitajua, na basi la saa mbili la kwenda Kisarawe nitakuwemo, nitafika kwa Bi Sikudhani kabla hujamaliza kusaini vitabu vya wageni, na Alhamisi utanikuta nimekaa uwanjani kwao. Kura sina kule. Mdomo ninao.

Bonde la Mzenga, uliyewatajia ni wewe: ndiyo au hapana?

Saa moja kamili, Saida.

Mama yako